Karatasi imesema mwanangu hana ujasiri

Salamu nyingi, Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Manyatta hapa Kisumu, na nauza chai, mandazi na maharagwe karibu na soko la Kibuye. Mume wangu alikuwa Mbukusu wa Bungoma. Alifariki Novemba 2024 baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Nakuandikia kuhusu kifungua mimba wangu, kijana wa miaka 16.

Mtoto huyu hajawahi kunipa taabu. Baba yake alipokuwa akienda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza na kukaa naye, kwa sababu mimi nisingeweza kufunga kibanda. Daktari alikuwa amempunguzia mgonjwa maji ya kunywa. Kijana alitafuta kikombe kimoja cha plastiki, akakitia alama kwa kalamu, na kila siku akawa anampimia baba yake humo. Baba akimkemea kwa kiu, alikuwa ananyamaza tu, halafu anamlowesha midomo kwa kitambaa. Alikuwa na miaka 14.

Januari hii alijiunga na Gredi ya 10 katika shule ya bweni upande wa Nakuru. Amerudi likizo ya Aprili na si yule niliyempeleka. Anaamka saa nne. Chakula anakichokora tu. Zamani kila jioni alikuwa akimtekea maji nyanya jirani yetu bila kuombwa. Wiki iliyopita nilimkuta amesimama bombani, mtungi wa lita 20 umejaa na maji yanamwagikia miguuni, na yeye anaangalia tu. Nikamwita mara mbili ndipo akashtuka.

Nilipokuwa nafua nguo zake nikapata karatasi mfukoni. Anasema kuna wanafunzi wa chuo kikuu waliwatembelea shuleni wakawapa maswali mengi ya kujaza, kisha kila mmoja akapewa orodha ya “nguvu za tabia” zake 24. Yake ya kwanza ni wema, halafu shukrani, halafu kuthamini uzuri. Za mwisho ni kujizuia, uongozi na ujasiri. Ujasiri ndio nambari 24. Ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Nilipomuuliza akaniambia, “Mama, hata karatasi imesema. Baba Mkubwa hakukosea.”

Baba Mkubwa ni kaka ya marehemu. Agosti 2024 ilikuwa msimu wa tohara kwao Bungoma, lakini mume wangu alikuwa amelazwa na hapakuwa na mtu wa kusimamia sherehe. Tukampeleka kijana hospitali akatahiriwa huko. Tangu siku hiyo Baba Mkubwa anasema mtoto wetu alijificha kwa daktari. Alisema hivyo hata matangani. Pasaka hii tulipokwenda akarudia mbele ya binamu zake wanaojiandaa kwa Agosti: “Hawa watasimama. Wewe kakae na mama yako mpike maharagwe.”

Usiku tuliporudi, kijana aliosha vyombo vyote, akamfunika dada yake blanketi, halafu akaniambia pole pole: “Mama, kama mimi sipo wewe ungepumzika. Ungekuwa na mzigo mmoja tu.” Nikamwambia aache maneno hayo, ashukuru Mungu tuko hai. Akaomba msamaha akaenda kulala.

Mwalimu, je, ni kweli tabia ya mtoto inaweza kupimwa kwa karatasi? Niichome? Na nimrudishe shuleni au nimtafutie shule ya kutwa hapa karibu?

Mama wa Manyatta, Kisumu

---

Mama, pole sana. Pole kwa mume wako, na pole kwa miezi hii yote ya kuinuka alfajiri kukanda mandazi huku msiba ungali kifuani.

Sitaanza na karatasi. Nitaanza na yale maneno aliyokuambia usiku akiwa amemaliza kuosha vyombo. Kijana anayesema “kama mimi sipo ungepumzika” anahitaji kuulizwa waziwazi, na aulizwe leo. Najua hofu iliyopo: kwamba ukilitaja jambo hilo utakuwa umelipanda moyoni mwake. Si hivyo. Wanaowasaidia watu wenye mawazo ya kujiua wamekubaliana kwamba swali la wazi halimtii mtoto wazo la kujiua. Humwonyesha kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia bila kuanguka. Mwambie: “Uliposema ningepumzika, je, umewahi kufikiria kujiua?” Kisha nyamaza umngoje. Usimkemee, usimtajie dhambi, usimkatize kwa “shukuru Mungu.”

Akikubali, au akinyamaza kimya kisichokutuliza, asilale peke yake usiku huo. Dawa za marehemu zilizobaki kabatini, ikiwa bado zipo, ziondoe nyumbani. Asubuhi mwende wote wawili hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, hiyo mnayoiita Russia, muulizie kliniki ya afya ya akili. Usiku ukiwa mrefu, piga 116, simu ya kusaidia watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Zote mbili hazikatwi pesa. Na hata akikuambia hajawahi kufikiria hivyo, bado mpeleke akaonwe. Kupoteza hamu ya kula, kulala kupita kiasi, kuacha mambo aliyoyapenda, kusimama bombani akili haipo: mambo haya yakikaa majuma mawili, hayo si mambo ya ujana tu wala uvivu. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Si laana ya ukoo wenu, na si wewe uliyekosea kulea.

Sasa karatasi. Mwaka 2004 wanasaikolojia wawili Wamarekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa orodha ya nguvu 24 za tabia baada ya kupekua mafundisho ya dini, falsafa na desturi za watu wengi: wema, ujasiri, haki, msamaha, udadisi, matumaini, ucheshi na kadhalika. Baadaye likatungwa dodoso la vijana wa miaka 10 hadi 17. Kinachofanyika humo ni kwamba kijana anajieleza mwenyewe, na majibu yake yanapangwa kuanzia linalofanana naye zaidi mpaka linalofanana naye kidogo. Halimpimi na mwenzake. Halina alama ya kufaulu. Hata shujaa wa namna gani akilijaza, lazima kuna kitu kitakachokaa nambari 24.

Lakini mtoto wa Kenya utamwambiaje hivyo? Tumemlea kwa nambari tangu chekechea. Akiona orodha yenye 1 mpaka 24, macho yanakwenda moja kwa moja kwa aliyeshika mkia. Hao waliowapa watoto orodha bila kukaa na kila mmoja kumfafanulia walifanya haraka, na nina uchungu nao kidogo. Halafu kuna jambo lingine: mtu mwenye huzuni nzito akijieleza, huzuni ndiyo inayoshika kalamu. Kijana wako alijaza maswali yale akiwa bweni la ugenini, mwaka mmoja na zaidi kidogo baada ya kumzika baba, na maneno ya Baba Mkubwa yakimlia masikioni. Ulitaka ajiandike shujaa?

Mambo mawili yanaweza kumfaa akiyasikia. Mwaka 2006 yalichapishwa majibu ya watu wazima 117,676 wa mataifa 54 waliojaza dodoso la aina hiyo. Karibu kila nchi, wema ulikuwa miongoni mwa nguvu za juu kabisa. Na zilizoshika mkia karibu kila mahali? Hadhari, unyenyekevu na kujizuia. Kwa hiyo huko chini alikoiweka “kujizuia” yuko na nusu ya dunia.

La pili ni la ujasiri wenyewe. Mwaka huohuo mtafiti aitwaye Robert Biswas-Diener aliwauliza kuhusu nguvu hizi 24 Wamaasai 123 wa hapa Kenya, Wainughuit 71 wa kaskazini mwa Greenland wanaoishi kwa kuwinda kwenye barafu, na wanafunzi 519 wa chuo kikuu kimoja cha Illinois, Marekani. Wengi wao walizitambua. Wengi wao walisema wangependa watoto wao wawe nazo. Walipotofautiana ni katika uzito ambao kila jamii inaipa nguvu hii au ile, na katika mila za kuikuza.

Mimi nimefundisha Bungoma miaka minane, Mama. Nimewaona vijana wakitoka mtoni alfajiri ya Agosti wamepakwa matope, njuga zimechakaa mikononi kwa kupigwa siku nyingi, wakisimama uani kwa baba zao bila kupepesa jicho. Sitaki mtu aniambie huo si ujasiri. Ni ujasiri, na nauheshimu. Ila yule aliyesimama hapo anasimama kwa dakika chache, ukoo mzima umemzunguka, unaimba, unamsukuma kwa macho. Mwanao alikaa kando ya mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, hana wa kumwimbia, akijua baba anaondoka. Alimnyima maji mtu anayempenda kwa sababu maji yangemuua. Umeniandikia habari hiyo ya kikombe kama mfano wa upole. Mimi nimeisoma kama ujasiri, na sidhani kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo kwa jina.

Hapo ndipo pa kuanzia. Usimwambie “wewe ni jasiri,” ataona unambembeleza. Mwambie alichofanya. “Siku ile baba alipokutukana kwa ajili ya maji, ulinyamaza ukamlowesha midomo. Nilikuwa mlangoni nikakuona. Huo ulikuwa ujasiri, na mimi nisingeuweza.” Kama hukuwa mlangoni, tafuta tukio uliloliona kwa macho yako, kwa sababu watoto wa umri huu wananusa sifa za kubuni kwa mbali. Tukio moja, neno moja. Halafu mwache.

Sasa nikuambie jambo gumu kidogo, nalisema kwa upendo. Umeandika kwamba hajawahi kukupa taabu. Nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha kwa miaka mingi, na neno hilo sasa linanitia hofu. Niliwahi kuwa na mvulana darasani ambaye alifuta ubao kila asubuhi kabla sijaingia na kuwagawia wenzake kalamu. Kwenye ripoti yake nikaandika “mtulivu, mfano wa kuigwa,” mihula mitatu mfululizo. Mama yake alipokuja siku ya wazazi ndipo nikajua hakuwa akilala usiku tangu wazazi walipotengana. Mimi nilikuwa nimeusifu utulivu ambao ulikuwa maumivu. Bado naikumbuka hati yangu kwenye ripoti ile.

Mtoto mwema hujifunza mapema kwamba kazi yake nyumbani ni kuwapunguzia wengine mzigo. Akiumia, anaona maumivu yake ndiyo mzigo wa kwanza wa kupunguzwa. Kufa na tai shingoni si kwa watu wazima tu. Yapo matokeo ya utafiti kuhusu wanafunzi wa sekondari wa Marekani yanayoonyesha kwamba walio na nguvu zinazomwelekea mtu mwingine, kama wema na ushirikiano, huwa na dalili chache za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, baadaye. Ni kweli, na nalifurahia. Lakini hilo ni la wengi kwa wastani. Halimkingi mtoto mmoja aliyefiwa na baba na akageuka kuwa baba wa nyumba siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mpunguzie. Majuma haya mawili asioshe vyombo peke yake, osheni pamoja. Mwambie kwa maneno haya haya: “Kukulea si mzigo wangu, ni kazi yangu. Ukiumwa na usiniambie, hapo ndipo ninapochoka.” Na wewe umwambie jinsi unavyomkosa baba yake. Nakisia hamjalia pamoja tangu matanga.

Kuhusu shukrani, iko nambari mbili kwenye orodha yake, na ni kitu cha thamani. Nansook Park na Peterson, waliowachunguza vijana kwa dodoso hilo, waliona kwamba wanaoridhika na maisha yao ni hasa wale wenye upendo, matumaini, shukrani na uchangamfu. Hapa kwetu pia imejaribiwa. Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, linawatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi, vikao vinne tu vya saa moja moja: kuzungumza kuhusu akili inavyoweza kukua, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ambayo kijana anayathamini. Matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Waliohudhuria vikao hivyo walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Hawakuwa madaktari waliowaongoza. Walikuwa vijana wenye umri wa kaka na dada zao, wakiwasikiliza.

Ila shukrani inayosaidia ni ile inayotoka kwa kijana mwenyewe. Ile ya “shukuru Mungu tuko hai” anayoambiwa akiwa amefungua moyo, hiyo humfunga mdomo. Sikulaumu, usiku ule ulishtuka. Rudi kwake umwambie: “Siku ile nilikukatiza. Sasa nataka kusikia.”

Baba Mkubwa. Usimjibu kwa simu, na usimtume kijana akajitetee. Nenda wewe, au mtume mzee anayeheshimiwa naye, mkae naye faragha kabla ya Agosti. Nakisia naye anaomboleza kaka yake na hajui pa kuiweka hasira. Mwambie ukweli wote: mtoto amekosa hamu ya kula, analala kupita kiasi, na ametamka maneno ya kutokuwepo. Wazee wengi niliowaona wakali kwa vijana hunywea wakisikia hivyo. Halafu mwombe kitu. Desturi ile haikuwa kisu peke yake. Kijana alipewa watu: wa kumsindikiza usiku, wa kumuuguza, wazee wa kumkalisha chini wakampa mawaidha ya kuwa mtu mzima na kumwambia yeye ni wa nani. Mwanao alikosa hayo yote, si kwa woga, bali kwa sababu baba yake alikuwa kitandani. Baba Mkubwa anaweza kumpa sehemu hiyo hata leo. Amchukue siku moja, waende kwenye shamba la babu, amwonyeshe alikochungia ng'ombe na marehemu, amsimulie baba yake alivyokuwa na miaka 16. Akikataa, basi mwaka huu msiende Bungoma Agosti. Atakayesema amesema, wewe una mtoto wa kumtunza.

Shule. Usiamue kabla hajaonwa hospitali, na usiamue bila yeye. Kwa wengine bweni ni pumziko, kwa wengine ni kisima. Muulize maswali madogo: analala karibu na nani, anakula meza moja na nani, kuna mwalimu hata mmoja anayemwita kwa jina lake la kwanza? Akitaka kurudi, arudi baada ya wewe kuzungumza ana kwa ana na mwalimu wa ushauri nasaha na kumwachia namba yako, ili awepo mtu mzima mmoja pale anayejua habari zote. Akitaka kutwa, kibanda chako kiko Kibuye. Atapitia kwako jioni, nawe utamwona akila. Usijali watu watasema amerudishwa.

Na karatasi usiichome. Si yako, ni yake. Mrudishie siku ambayo mmeshazungumza, na umuulize swali moja tu: katika hizi 24, ni ipi baba yako alikuwa nayo? Msikilize. Huenda atazungumza mpaka maharagwe yaungue.

Lakini hilo ni la wiki ijayo. Leo jioni funga kibanda mapema, mtoto mdogo akishalala, keti naye pale mlangoni umuulize lile swali la kwanza.